Kibao cha Hamsini Kilikuwa Mikononi Mwangu

Siku ile ya kuniaga, mliponinunulia keki kambini, mliniambia niseme maneno mawili. Nikasema "asanteni sana", yakawa mawili, nikakaa. Mlicheka. Halafu yule kijana mpya wa kupaka rangi akaniuliza, keki ikiwa mdomoni, "Mzee Musyoka, kwani hilo gunia la vibao lilianza aje?" Sikumjibu. Lori lilikuwa linapiga honi, na ile hadithi hailiki na keki.

Sasa niko nyumbani Kisaju, mguu nimeuweka juu ya kiti kingine, na maneno ndiyo yanakuja wakati hakuna mtu wa kuyasikiza. Basi nimechukua kalamu. Shule niliachia darasa la sita na kalamu ni nzito kwangu kuliko mtaimbo, lakini nyinyi mmenizoea, mtaelewa. Mambo ya kupandishwa cheo sina, kwa sababu sikupandishwa. Niko na mambo ya vibao, barabara ya Namanga, kutoka Kitengela mpaka kupita Kajiado. Na nitataja majina. Mwenye jina akiudhika, anajua ninapokaa.

Niliingia kazini miaka ya tisini ikianza, nikitoka Machakos, nikidhani kazi ya barabara ni lami. Nilikuwa nimeona wanaume wa lami na viatu vyao virefu, wananuka moshi, watoto wanawafuata. Nikataka kuwa mmoja wao. Nyapara wetu alikuwa Mwanzia, mtu wa kwetu, nikafikiri kwa sababu ya lugha atanipa kitu kizuri. Aliniangalia mabega, akanipa mtaimbo na karai.

"Wewe ni wa vibao," akasema.

"Vibao vya nini?"

"Vya kusomwa na watu wasiopenda kusoma. Nenda na huyo Mmasai."

Huyo Mmasai alikuwa Ole Sankale. Alikuwa na masikio marefu ya kutobolewa, na wakati wa kuchimba alikuwa anakunja ngozi ya sikio na kuitundika juu ya sikio lenyewe, kama mtu anayepandisha mkono wa shati. Ovaroli ya kazi alivaa, lakini shuka yake nyekundu ilikuwa imefungwa kiunoni kila siku. Akanisalimia, "Sopa." Nikasema, "Mzuri." Akasimama tu, ananingoja. Mpaka nilipojifunza kujibu "Ipa" ndipo alipokubali kunionyesha kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa udongo. Watu wanafikiri kupanda kibao ni kuchimba shimo. Upande wa Kitengela udongo ni mweusi, wa kunata. Kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia, na mvua ikija unavimba na kusukuma mlingoti nje, vile mtoto anasukuma kijiko cha uji. Ukienda mbele unakutana na mawe, na hapo mtaimbo unakuambia kila kitu kwenye viganja. Sankale alinifundisha kuchimba kwenda chini na kupanua chini, shimo liwe na tumbo, halafu mawe, halafu simiti, halafu mawe tena. "Injinia anapanda kibao kwa karatasi," aliniambia. "Sisi tunapanda kwa udongo. Udongo ndiyo mkubwa wa injinia."

Alinifundisha pia kutoboa. Kibao kipya kikitoka stoo, kabla hakijapelekwa barabarani, tulikuwa tunakitoboa matundu mengi kwa msumari mnene. Hapo Kitengela bati zuri la kibao lilikuwa linafaa kuchoma mahindi, kukaanga, hata kufunika banda la kuku. Niliwahi kula chapati iliyopikwa juu ya "Punguza Mwendo". Ilikuwa tamu. Kibao kikiwa na matundu, mafuta yanavuja, na mwizi anakiacha kimesimama. Kwa hivyo mkiona matundu msidhani ni risasi. Ni sisi.

Kulikuwa na kibao cha ng'ombe pia, kile cha pembe tatu. Tulipokipanda njia ya Kajiado, alikuja mzee mmoja na mifugo yake, akakiangalia kwa muda mrefu, akauliza Sankale ile ng'ombe ni ya nani. Sankale akasema ni ya serikali. Mzee akasema, "Haina nundu. Huyu ni mgonjwa." Akapeleka ng'ombe zake zivuke mbele zaidi, mbali na kibao, zisiambukizwe. Sisi tulicheka mpaka mtaimbo ukaanguka. Lakini tuliporudi, Sankale akasema kibao ndicho kifuate ng'ombe, akakihamisha. Hakuuliza mtu.

Hapo ndipo mimi nilianza kujiuliza maswali. Kama ng'ombe wanavuka mahali wanataka, je, hii nambari ya spidi tunayoipanda kila senta ya maduka, hamsini, inatoka wapi? Nilimuuliza Mwanzia.

"Inatoka stoo," akasema.

Nikangoja mpaka siku Injinia Odera alipokuja na Landrova yake. Alikuwa mtu wa suruali safi, hakushuka kwenye vumbi. Nikasimama kando ya dirisha, kofia mkononi.

"Injinia, hii hamsini inatoka wapi?"

"Kwa sheria, Musyoka. Mahali pa watu ni hamsini. Nje ya hapo, gari ndogo inaruhusiwa mia."

"Na mahali pa watu panaanzia wapi?"

Aliangalia mbele, akaangalia nyuma. Huko kulikuwa na mbuzi, na mama mmoja anauza nyanya. "Panaanzia kwenye kibao," akasema.

"Kwa hivyo watu wanaanzia mahali sisi tumechimba?"

"Kwa barabara, ndiyo."

Aliondoka akicheka. Mimi sikucheka. Nilimwangalia yule mama wa nyanya. Alikuwa ameketi hatua chache upande wa nje wa mlingoti wetu. Kwa barabara, hakuwa ameanza kuwa mtu.

Ile mashine ya spidi ilikuja baadaye kidogo. Aliyeileta huku kwetu alikuwa Koplo Barasa wa trafiki. Madereva waliiita ile ya saluni, kwa sababu inafanana na kitu cha kukausha nywele. Mimi na Sankale tulikuwa tunafanya kazi karibu naye mara nyingi, kwa sababu polisi wa spidi anapenda kukaa karibu na kibao, na sisi tulikuwa watu wa vibao. Tukazoeana. Nilimsumbua kwa maswali mpaka akawa anakunywa chai yangu kama malipo ya majibu.

"Inarusha kitu," Barasa alisema. "Hukioni. Kinagonga gari, kinarudi. Kikirudi kimebadilika, inajua ni mbio gani."

"Kama kurusha jiwe kwa ng'ombe," Sankale akasema.

"Karibu hivyo, mzee."

"Na ng'ombe haisikii?"

"Haisikii."

"Basi hilo ni jiwe la uoga."

Barasa akacheka, akatoa kwenye sanduku uma wa chuma wenye meno mawili. Akaugonga kwenye kisigino cha kiatu, ukalia kama nzi ndani ya chupa, akaushika mbele ya mdomo wa mashine. Mashine ikaandika nambari. Uma umesimama, haujaenda popote, na mashine inasema unakimbia. Nilishangaa siku nzima. Barasa akanieleza kwamba huo uma umetengenezwa kulia kwa sauti moja tu, na sauti hiyo ni lazima isomwe nambari moja tu. Mashine ikisoma nambari nyingine, ni mgonjwa, inarudishwa. Kila asubuhi aliipima hivyo kabla ya kumshika mtu.

"Hii haina kabila," alisema, "haina shemeji, haili kitu. Hakuna polisi kama huyu."

Niliamini. Bado ninaamini, mkitaka kujua. Lakini kulikuwa na kibao chetu kimoja upande wa Kitengela ambacho mti wa miiba ulikuwa umekua ukakifunika, na Barasa alikuwa anawashika watu hapo asubuhi yote. Dereva anashuka, anaapa kwa mama yake hakuona kitu, na kweli hakuona. Nikamwendea.

"Koplo, huwezi kumshika mtu kwa kibao ambacho hakioni. Si haki."

"Mashine imesoma, Musyoka."

"Mashine imesoma gari. Dereva angesoma nini? Majani?"

Alininunia, lakini ni mtu mwenye kusikia. Akafunga sanduku. "Basi kateni huo mti," akasema. Sankale alikataa kuukata wote kwa sababu mbuzi wanakula matunda yake, tukapogoa matawi tu. Nilijisikia wakili siku hiyo. Kumbukeni hayo maneno niliyomwambia Barasa. Yatarudi, na hayatarudi kwangu kama rafiki.

Kisha ikanyesha ile mvua ya Elnino. Wale wakubwa kati yenu mnaikumbuka, daraja zikienda na watu wakivushwa mabegani. Udongo mweusi ulivimba mpaka vibao vyetu vikatoka kama meno ya mzee. Kile cha hamsini cha kuingia Kisaju ukitoka Kitengela kililala kabisa, nambari inasomwa na siafu. Tukakisimamisha kwa mawe. Kikalala tena, tukakiinua tena, kila wiki hivyo. Tuliomba kipya, na kipya kilikuwepo stoo, nilikiona kwa macho, nilikitoboa mimi mwenyewe. Lakini Injinia Odera alisema vibao vyote vitapandwa siku moja, kwa sababu kuna mgeni wa Nairobi atakuja kuona. Mgeni hakuja. Kibao kikakaa stoo mvua mbili, na watoto wa shule wa Kisaju wakavuka mbele ya magari ambayo siku nyingine hayakuambiwa kitu. Kwa hivyo jina la kwanza ni Odera. Andikeni.

Siku tuliyoruhusiwa hatimaye kukipanda ilikuwa ya jua, barabara kavu. Mwanzia alitushusha na pikapu, mimi na Sankale, kibao kipya, kokoto na simiti. Kwenye pikapu kulikuwa na ile pembe tatu ya watu wako kazini na bendera zetu nyekundu. Sankale akanyoosha mkono kuzichukua, Mwanzia tayari amewasha gari. Alikuwa anapeleka mabati kwa nyumba ya mama mkwe wake, na bendera zilikuwa chini ya mabati.

"Bendera?" Sankale akauliza.

"Narudi sasa hivi."

"Basi tunangoja. Cha zamani leo kimesimama, hakitoki mpaka bendera irudi."

"Mzee, usinifundishe kazi. Ng'oa kwanza, panda baadaye. Vibao viwili mahali pamoja ni aibu. Nikirudi nikute shimo safi."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya kambi yetu, na kambi zingine pia: cha zamani kinatoka kwanza, shimo linasafishwa, halafu kipya kinaingia kwenye shimo lile lile. Inakuokolea kuchimba mara mbili. Nani anapenda kuchimba mara mbili? Tukang'oa. Na mimi sikufikiria, wala hakuna mtu aliyekuwa amewahi kufikiria, kwamba kati ya kung'oa na kupanda kuna muda ambao barabara haina neno. Muda wa kuvuta sigara, labda. Katika muda huo, Kisaju si mahali pa watu.

Barasa alikuwa mbele yetu, karibu na kalavati ya kupitishia maji, na mashine yake. Alinipungia mkono.

Nilikuwa nimekiinua kibao kipya kutoka ukingo wa barabara, nimekishika mbele ya kifua kama mtu anayebeba sinia, Sankale ameinama kwenye shimo anapanga mawe. Nikasikia lori la ng'ombe linakuja, halafu nyuma yake kitu kingine kinanguruma. Gari ndogo nyeupe ikalipita lori, ikarudi upande wetu kwa nguvu, ikaja mpaka nje ya lami. Niliona taa zake. Nilimwona mtu ndani, tai yake hata. Halafu nikaona mbingu.

Kibao ndicho kiliniokoa kifua. Kilikunjika katikati, kati ya tano na sifuri. Mguu haukuwa na kibao.

Sankale alifungua shuka kiunoni, akachukua rungu lake, akaufunga mguu wangu kwenye rungu kama tunavyofunga mlingoti uliovunjika. Alikuwa anaongea Kimaa polepole, kama anaongea na ndama. Na huku Barasa anakuja mbio kutoka kalavati, kofia imeanguka, mashine mkononi, anapiga kelele.

"Themanini na tatu! Musyoka, nimempata! Themanini na tatu!"

Alikuwa anaonyesha kama habari njema. Nambari ilikuwa bado inawaka. Nilimwangalia kutoka chini, nikasema, "Asante, koplo," na sikumbuki kingine.

Dereva alikuwa Gitonga, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kitengela. Nilikuwa nimeshanunua misumari kwake. Hilo ndilo jina la pili, na Mwanzia ni la tatu, ingawa kwa haki yao ningewaweka kwa mpangilio mwingine. Mwanzia alirudi na bendera nikiwa tayari nimepakiwa kwa lori lile la ng'ombe kwenda hospitali. Sankale aliniambia Mwanzia alizipanda bendera zote mbili kando ya lile shimo, vizuri sana, halafu akakaa chini.

Mambo ya hospitali sitaandika. Mguu ulipona vile ulitaka wenyewe.

Kesi ndiyo nataka mjue. Nilienda kortini na magongo, nimevaa koti la kanisa, na nilienda nikijua nimeshinda. Kwa nini nisijue? Mashine imesoma. Haina kabila, haina shemeji. Nilichotaka kilikuwa kitu kimoja tu: hakimu aseme kwa sauti, watu wakisikia, kwamba Gitonga alikosa. Ningerudi kazini na hilo, hata mguu ukibaki vile.

Wakili wa Gitonga alianza na mashine. Akasema pengine ilisoma lori. Pengine ni mbovu. Barasa akafungua sanduku lake mbele ya hakimu, akatoa ule uma, akaugonga kwenye kisigino. Korti nzima ikanyamaza, unasikia chuma kinalia. Akaushika mbele ya mashine, nambari ikatokea, ile ile inayotakiwa. Watu wakasema "aaah". Hakimu alikuwa mama mwenye miwani, akaomba arudie, na nafikiri ilikuwa kwa kutaka kuona tena tu. Mashine ikashinda. Nikamwangalia Gitonga, nikafurahi.

Halafu wakili akanigeukia mimi.

"Mzee Musyoka, gari lilipofika hapo, kibao cha hamsini kilikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimekishika."

"Kimesimama kwenye mlingoti wake?"

"Hapana. Mikononi."

"Nambari imeangalia upande gani?"

"Upande wangu."

"Kwa hivyo aliyejua hapo ni hamsini alikuwa ni wewe peke yako."

"Na Ole Sankale," nikasema. Watu wakacheka. Hata hakimu aliinamisha miwani.

"Mzee, wewe umepanda vibao miaka mingi. Nakuuliza kama fundi. Ni haki kumshika mtu kwa kibao ambacho hakioni?"

Maneno yangu yenyewe. Sijui aliyapata wapi, pengine hakuyapata mahali, pengine kila mtu mwenye akili anayafikia. Nilimtafuta Barasa kwa macho. Alikuwa anaangalia dari. Nilikuwa nimeshika Biblia.

"Si haki," nikasema.

Wakili akakaa, kama mtu aliyeshiba. Hakimu akaandika kwa muda. Kisha akamuuliza mwendesha mashtaka, Inspekta Kiptoo, kitu ambacho mimi mwenyewe sikuwa nimewaza. "Huyu mtu amegongwa nje ya lami. Kwa nini mshtakiwa yuko hapa kwa spidi tu? Kwa nini hakushtakiwa kwa kuendesha ovyo na kumgonga mtu?"

Kiptoo alisimama, akafungua faili, akaifunga.

"Tulikuwa na nambari, mheshimiwa," akasema.

Hilo ni jina la nne, na mimi huwa nalifikiria kuliko yale mengine. Mtu hakuwa mbaya. Hakula kitu. Kumgonga mtu kulitaka mashahidi, kulitaka kupima matairi kwenye vumbi, kumtafuta dereva wa lori la ng'ombe, kubishana. Spidi ilikuwa imekuja imeshaandikwa. Akachukua ile rahisi, na ile rahisi ikaanguka kwa sababu kibao kilikuwa kinaniangalia mimi, na ile ngumu hakuna aliyeileta. Hakimu akasema gari ndogo mahali pasipo kibao inaruhusiwa mia, na themanini na tatu ni chini ya mia, na mshtakiwa aende.

Nje, Gitonga alikuja na mkono wake. "Pole sana, mzee. Kutoka moyoni. Lakini umeona mwenyewe, sikuvunja sheria."

"Kweli," Sankale akasema. "Sheria ni nzima. Ulivunja huyu."

Gitonga akarudisha mkono mfukoni, akaenda kwa gari lake. Aliendesha polepole sana kutoka pale, lazima niseme.

Nimebishana na hiyo siku miaka yote. Mara namwona Gitonga amekosa, mara namwona hajakosa, kwa sababu ningekuwa mimi ndani ya gari, ningejuaje ni hamsini? Na yale nilimwambia Barasa chini ya mti wa miiba, nilikuwa nimedanganya? Sikudanganya. Mpaka leo nikiona polisi na mashine mahali kibao hakionekani, nitamwambia vile vile. Lakini kuna kitu nilikosa kusema kortini, na kilinijia baadaye nikiwa kwa choo, mahali pabaya. Kibao hakikuwepo. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa na ovaroli ya manjano na kitu kikubwa cheupe kifuani. Wakili hakuniuliza kama Gitonga aliniona mimi.

Niliporudi kazini waliniweka stoo, lakini stoo ilinichosha, nikarudi barabarani na fimbo. Kazi ya kwanza ilikuwa kubadilisha kibao njia ya Kajiado. Mwanzia akasema kama kawaida, ng'oa. Nikashika mlingoti wa zamani kwa mikono miwili.

"Hiki hakitoki."

"Musyoka, usianze."

"Chimba shimo lingine, nyuma yake. Panda kipya. Kikishika, ndiyo nakuachia hiki."

"Barabara iwe na hamsini mbili? Watu watasema ni mia!" Alikuwa anajaribu kuchekesha. Hakuna aliyecheka. Sankale tayari alikuwa ametundika sikio lake, anachimba.

Lakini Mwanzia alikuwa na hoja kidogo, kwa sababu kuna mahali kibao kipya kinasema kingine, cha zamani themanini na kipya hamsini, na huwezi kumpa dereva maneno mawili. Basi Sankale akachukua gunia la kokoto tupu, akakivalisha kibao kipya kichwani kama kofia ya baridi. Tukang'oa cha zamani kwa mkono mmoja, tukavua gunia kwa mkono mwingine. Barabara haikukaa bila neno hata kidogo. Mwanzia aliangalia, akatema mate, akasema tunapoteza simiti. Baada ya muda nikamsikia akiwafundisha vibarua wapya jambo lile, kama amelizaa yeye.

Hilo ndilo gunia, kijana wa rangi. Nyinyi mnaliita gunia la Musyoka. Ni la Sankale. Yeye alishaacha kazi, akaenda kwa ng'ombe wake, na hakuaga mtu.

Miaka ya elfu mbili ilikuja na mambo yake. Gari za abiria zikafungwa spidi gavana, mashine ya kuzuia mbio ndani ya gari, na mafundi wa Kitengela wakajifunza kuifungua kabla hata ya kujifunza kuifunga. Madereva wakawa wananisimamishia mimi, wananitukana, "Nyinyi ndio mnatutegea na polisi!" Nilikuwa nawajibu kwamba mimi natangaza, sitegi. Wengine walikuwa na haki, wengine walikuwa na haraka, na kwa sura hawatofautiani.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilipita pale pale, kuingia Kisaju. Barasa alikuwa karibu na kalavati. Sasa ni sajini, ana tumbo, na mashine yake ni mpya, ndogo. Tukasalimiana. Nikamwambia kuna kitu nimetaka kumuuliza tangu zamani.

"Uliza tu, mzee."

"Nielekezee hiyo. Mimi natembea, wewe soma."

Akacheka, lakini akainua. Nikaenda mpaka kwenye kibao, nikageuka, nikaja kwake na fimbo yangu, nikijitahidi. Nilifika jasho limetoka.

"Imesema nini?"

"Haijasema kitu."

"Ni mbovu?"

"Si mbovu. Wewe uko polepole sana. Hii inaanza kusoma mtu akiwa na mbio kidogo."

"Kwa hivyo haijui nimepita?"

Barasa aliiangalia ile mashine, akaniangalia mguu. "Haijui, ndugu yangu," akasema.

Basi na nyinyi mjue hivyo. Mashine ni ya wenye mbio, na inawasoma sawasawa, sina ugomvi nayo. Yule mwingine, mama wa nyanya, mtoto wa shule, mtu amebeba bati, hataonekana kwa nambari yoyote, na ndiye mnamchimbia hivyo vibao. Gunia liko stoo, nyuma ya mlango, upande wa mitaimbo. Nikisikia mmelibebea makaa nitakuja, hata kama ni polepole.